Mrejesho: kipimo cha kinga ya homa ya ini B

Wapendwa, niliuliza kama mke wangu, mkunga hapa Arua, Uganda, apime kinga baada ya kumaliza dozi tatu za chanjo ya homa ya ini B. Mlimshauri apime mwezi mmoja hadi miwili baada ya dozi ya mwisho, naye akafanya hivyo.

Majibu ni mazuri, alhamdulillahi! Kingamwili zake, yaani chembe za damu za kupambana na kirusi, zimefika yuniti 184, na kiwango cha kinga kinaanzia 10. Virusi vyenyewe havikuonekana. Kingamwili za kiini cha kirusi pia hazipo, na hapo ndipo nilipofurahi zaidi: hizo hutokea kwa aliyewahi kuambukizwa, chanjo haizileti. Basi kinga yake imetokana na sindano.

Daktari alieleza kwamba namba itashuka miaka ikipita, lakini mwili wenye afya huendelea kumkumbuka adui, kwa hiyo hahitaji dozi nyingine.

Mimi nilizaliwa kabla ya 2002, Uganda ilipoanza kuwachanja watoto wachanga, na sijawahi kuchanjwa. Nimeshapimwa, sina maambukizi, na Jumatatu naanza dozi ya kwanza. Dada uliyenitajia hapa kipimo cha kingamwili za kiini, Mungu akubariki sana.