Hawa "mitume" wetu wa Kampala wangefukuzwa siku ya tatu

Wanajukwaa, huu wimbo wa "turudi kwenye kanisa la kwanza" umetuchosha. Kila mhubiri anao mdomoni, redioni alfajiri na kwenye mabango barabara nzima, na dakika tano baadaye anataja namba ya mobile money. Kanisa la kwanza lipi? Haya, tuwasome hao wa kwanza.

Didake ni mwongozo wa makanisa wa mwisho wa karne ya 1 au mwanzo wa karne ya 2. Sura ya 11: mtume akija apokewe kama Bwana, lakini akae siku moja, ikibidi mbili. Akikaa tatu ni nabii wa uongo. Akiondoka apewe mkate wa kumfikisha atakapolala, basi. Akiomba pesa, wa uongo. Akiagiza meza "kwa Roho" kisha akaila mwenyewe, wa uongo vilevile. Akisema kwa Roho "nipeni fedha" asisikilizwe, isipokuwa anawaombea wahitaji wengine. Sasa pimeni hapo krusedi ya wiki nzima, hoteli, bahasha ya "kumheshimu mtumishi", na vichupa vya maji ya upako vinavyouzwa mlangoni.

Najua mtakimbilia sura ya 13, kwamba nabii wa kweli apewe malimbuko. Imo, sikatai: divai, nafaka, ng'ombe, kondoo, hata fedha na nguo. Ila someni hadi mwisho: fedha utoe kadiri wewe mwenyewe unavyoona vyema, na kama hamna nabii, malimbuko wapewe maskini. Mshahara mzima wa Januari mnaodaiwa kama malimbuko haumo.

Justin, mwandishi Mkristo, akiandika Roma mnamo 155, anasema mwenye uwezo hutoa anachotaka, na kiongozi wa ibada huwasaidia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Tertullian, mwandishi Mkristo wa Carthage kule Afrika Kaskazini, mnamo 197: mtu hutoa mara moja kwa mwezi, akitaka, tena akiweza, halazimishwi mtu. Mwaka 251 askofu Cornelius wa Roma alitaja kwenye barua makasisi 46, mashemasi 7, na wajane na wahitaji zaidi ya 1,500 waliotunzwa na kanisa. Kanisa lako lina wajane wangapi kwenye orodha? Orodha yenyewe ipo?

Na hili ndilo linaniuma zaidi. Mwaka 144 kanisa la Roma lilipoyakataa mafundisho ya mwalimu mmoja, Marcion, lilimrudishia sesterti (sarafu za Kirumi) 200,000 alizokuwa amelitolea. Banange! Hapa kwetu mwanasiasa anayenuka wizi akileta bahasha anapigiwa vigelegele na kupewa maikrofoni.

Paulo mwenyewe hakubeba mchango wa maskini wa Yerusalemu peke yake. 2 Wakorintho 8:18-21: aliandamana na watu waliochaguliwa na makanisa, asije mtu akamlaumu. Kama Paulo alisindikizwa, mchungaji wako ni nani hata hesabu zake zisikaguliwe?

Kwetu mambo yanaharibikia palepale kila mara: laini ya simu ya kupokelea sadaka imesajiliwa kwa kitambulisho cha mchungaji, na hati ya kiwanja imeandikwa jina lake. Akifa, watoto wanadai urithi, na waumini waliochangia matofali wanabaki nje ya geti. Dawa yake haihitaji maono. Hati iwe kwa jina la wadhamini waliosajiliwa. Laini iwe ya kanisa. Sadaka ihesabiwe siku ileile, mezani, na watu watatu wasio na undugu wao kwa wao wala na mchungaji. Watie sahihi wote, nakala moja ibandikwe ukutani. Jumatatu pesa ziende benki zote, bila kuchomoa hata nauli ya boda. Matumizi yafuate kwa hati za malipo, maana shilingi iliyotumika kabla ya kufika benki hakuna mkaguzi atakayeiona. Kutoa pesa kuhitaji sahihi mbili, na mke wa mchungaji asiwe mmojawapo!

Msiniletee "msiwaguse masihi wangu" hapa. Anayejua kanisa Uganda hii linalobandika hesabu zake ukutani alitaje kwa jina, liwe la Balokole, la Kikatoliki au la Kianglikana. Wanaotetea mitume wa hotelini nao walete andiko, si matusi.