Njiti akisharudi nyumbani: tupeane uzoefu wa kumfuatilia

MamaIpagala
Wadau, uzi huu ni wa wanaolea njiti, yaani watoto waliozaliwa kabla ya wakati, na wanaowahudumia, hapa Dodoma mjini na huko Bahi, Kongwa na Chamwino. Wodini kila kitu kinaandikwa na muuguzi. Ukiruhusiwa unapewa kadi na tarehe ya kurudi, basi. Ukuaji unafuatiliwaje nyumbani, na kipi ni cha kukimbizia hospitali? Anayejua amwage hapa.

MuuguziWaZamu
Naanza na mizani, maana hapo ndipo wengi wanapotea. Ile ya kuning'iniza yenye kaptula, mistari yake ni ya gramu 100. Njiti aliyefika kilo 2 na anakua vizuri anaongeza gramu 20 hadi 30 kwa siku, yaani kama 150 hadi 200 kwa wiki. Kwenye mizani ile wiki nzima ya kunyonya ni mstari mmoja au miwili, na kaptula iliyolowa inatosha kukudanganya. Omba mizani ya mezani ya kidijitali inayosoma gramu 10 au 5. Tandika kitambaa, rudisha sifuri, ndipo umlaze mtoto akiwa uchi, nepi imetoka, hajanyonya. Na iwe mizani ileile kila safari. Ukibadilisha zahanati, tofauti unayoiona inaweza kuwa ya mizani, si ya mtoto.

DadaNkuhungu
Kaptula iliyolowa! Kweli tupu.

BabaPacha
Kwa nini asipimwe kila siku?

MuuguziWaZamu
Kila siku ni wodini, ndugu yangu. Nyumbani mara moja kwa wiki, akiwa chini ya kilo 2 mara mbili. Choo kimoja kinageuza namba, mama anakosa usingizi bure, na maziwa yanapungua kwa wasiwasi. Ila wiki ikipita hajaongezeka, usisubiri ya pili, mrudishe.

MtuWaKadi
Kwenye ukuaji toeni wiki alizowahi. Aliyezaliwa wiki ya 30 ya mimba, badala ya 40, amewahi wiki 10. Kadi ikisema miezi 6, yeye mpimeni kama wa miezi mitatu na nusu hivi. Hajakaa? Bado muda wake. Hesabu hiyo inaendelea mpaka afike miaka 2.

BabaPacha
Kwa hiyo na chanjo tunasogeza wiki 10 mbele.

MtuWaKadi
HAPANA. Chanjo zinafuata tarehe ya kuzaliwa: wiki ya 6, ya 10, ya 14, surua na rubela miezi 9 na 18. Kifaduro hakimuulizi mtoto alizaliwa wiki ya ngapi, na njiti ndiye kinamuumiza zaidi. Usiandike hivyo, watu watakufuata.

BabaPacha
Nimeuliza tu mkuu, usinipandishie.

MamaIpagala
Tuelewane jamani. Na dawa ya kuongeza damu anapewa kiasi gani?

BibiKongwa
Wanangu, Juni na Julai upepo wa huku unapenya mpaka kwenye bati. Wekeni jiko la mkaa chumbani, mtoto apate joto.

MuuguziWaZamu
Shikamoo bibi. Jiko la mkaa hapana, naomba nieleze kwa kirefu.

Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya kaboni monoksaidi. Haina harufu, na wote wawili wanaweza wasiamke. Lakini baridi nayo inaua, tena kimyakimya. Njiti hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, hivyo akipoa anachoma sukari yake kujipasha. Sukari ikishuka anachoka, akichoka hanyonyi, asiponyonya sukari inashuka zaidi. Mama anaona mtoto "ametulia leo", kumbe anaishiwa. Shika nyayo: zikiwa baridi kuliko tumbo, weka kipimajoto kwapani. Anatakiwa 36.5 hadi 37.5. Chini ya hapo mvue, abaki na nepi, kofia na soksi, mweke kifuani ngozi kwa ngozi, funga kitenge, juu yake blanketi. Pima tena baada ya saa moja. Haijapanda, au ilikuwa chini ya 35.5 tangu mwanzo, ondokeni huku yuko kifuani.

Usiku kuna jambo lingine, kuacha kupumua. Kusimama sekunde chache kisha akaendelea ni kawaida yao. Sekunde 20, au midomo ikigeuka bluu kabla ya hapo, ni hatari. Sugua nyayo na mgongo, usimtikise. Kama ana maziwa mdomoni, mgeuze ubavu, futa. Kichwa kiwe sawa, kisikunjwe kifuani wala kurushwa nyuma. Asipoanza, funika mdomo na pua yake pamoja kwa mdomo wako, puliza hewa ya mashavuni tu, kifua kiinuke kidogo, pumzi moja kila sekunde 2 au 3, mwingine akitafuta gari. Akirudi vizuri bado mnakwenda hospitali usiku huohuo.

DadaNkuhungu
Wasimamizi, hii ibandikwe juu.

BibiKongwa
Marahaba mwanangu. Jiko nalitoa.

BabaPacha
Kwa walio vijijini, masika korongo likijaa hakuna gari linalopita. Njiti wa chini ya kilo 2 bora akae kwa ndugu mjini mpaka anenepe.

MtuWaKadi
Hapo nakuunga mkono. Na macho jamani! Aliyezaliwa kabla ya wiki 32 au chini ya kilo 1.5 aangaliwe retina, ile sehemu ya nyuma ndani ya jicho, na bingwa wa macho karibu wiki ya 4 tangu azaliwe. Kwa nje macho yanaonekana mazima. Muombeni daktari wa watoto rufaa mapema, ukichelewa kuona hakurudi.

MamaIpagala
Dawa ya damu jamani, bado nasubiri.

MuuguziWaZamu
Samahani dada. Madini ya chuma ni mg 2 hadi 4 kwa kila kilo kwa siku, kuanzia akifikisha wiki mbili tangu azaliwe, na daktari ndiye anayekuandikia. Usihesabu matone, chupa hazifanani. Soma lebo ina mg ngapi kwa ml 1. Mtoto wa kilo 2 akiandikiwa mg 6, na chupa ina mg 10 kwa ml, ni ml 0.6. Vuta kwa bomba la ml 1 lisilo na sindano. Uzito ukipanda, dozi ihesabiwe upya.

MamaIpagala
Na choo kikiwa cheusi?

MuuguziWaZamu
Cheusi cha dawa hiyo ni kawaida. Chenye damu, tumbo limejaa au anatapika kijani, hospitali saa hiyohiyo.