Mbuzi wa baba mkubwa na msalaba: naomba ushauri

Wakuu, nauza dagaa mwaloni Kirumba, Mwanza. Mwezi uliopita mtumbwi wa mdogo wangu ulipinduka. Yeye akaokolewa, mwenzake akazama. Baba mkubwa kule Sengerema kasema lazima tuoshwe: kila mtoto atoe elfu thelathini, anunuliwe mbuzi, achinjwe ufukweni. Mbuzi keshafungwa kwenye mwembe, mama kanitumia picha.

Mimi ni mlokole. Naamini Yesu alimaliza kazi msalabani. Waebrania 10 inasema alitolewa mara moja tu. Lakini mzee naye Biblia anaijua. Kanibana: "Mbona Walawi 16 kuna mbuzi wawili, mmoja anachinjwa, mwingine anabebeshwa dhambi na kupelekwa jangwani?" Nikakosa la kusema, nikasingizia salio limeisha.

Mchungaji kasema nisikanyage. Sasa mama nimwache peke yake? Na mdogo wangu tangu siku ile halali usingizi.

Je, nikienda nikachangia mchele wa wageni tu, mbuzi nisimguse, nitakuwa najidanganya? Aliyepitia haya anieleze alimjibuje mzee wake bila kumvunjia heshima. Shughuli ni Jumamosi hii.