Kibanda cha darubini nyuma ya nyumba, Dodoma (nyuzi 6 kusini): nianzie wapi?

Kilimia_Dom

Wakuu, habari za leo. Nataka kujenga kibanda cha kudumu cha darubini nyuma ya nyumba, Dodoma, ili nisiwe natoa na kurudisha vyombo ndani kila usiku. Darubini ni ya kioo aina ya Newton, milimita 200, f/5 (urefu wa fokasi ni mara 5 ya kipenyo cha kioo), juu ya maunti ya ikweta yenye mota, yaani kishikio kinachoizungusha darubini kwenye mhimili mmoja kufuata nyota. Pamoja na vyuma vya kusawazisha inafika kilo 35 hivi. Nina eneo la mita 4 kwa 6, ile 6 ikielekea kaskazini–kusini. Kusini pako wazi, magharibi kuna taa ya ulinzi ya jirani, na mchwa ni wengi.

Naomba msaada kwenye mambo haya: nguzo iwe ya namna gani, niweke kuba au paa la kusukuma, na je, vyombo vinaweza kubaki ndani masika? Halafu kijitabu cha maunti kinasema mhimili, ambao unatakiwa kuinama sawa na latitudo ya mahali, haushuki chini ya nyuzi 15, nami niko nyuzi 6. Hapo sijui pa kuanzia.

FundiNguzo

Anza na nguzo mkuu, kibanda kitafuata. Paa likivuja utaliziba, ila nguzo inayotikisika dawa yake ni kuivunja.

Chimba shimo la sentimita 80 kwa 80, kina mita 1. Kabla ya kumwaga zege tazama udongo wa chini. Ukikuta mfinyanzi mweusi, ule unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, endelea kuchimba mpaka ufike kwenye moramu au tabaka gumu. Udongo ule huinua msingi msimu mmoja na kuushusha msimu mwingine, na mhimili wako utahama nao. Zege iwe 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto). Shimo hilo ni mita za ujazo 0.64, litakula mifuko ya saruji minne na kidogo ya kilo 50, nunua mitano. Ndani weka nondo nne za milimita 12 zilizofungwa ringi kila sentimita 20.

Nguzo yenyewe iwe paipu ya chuma yenye kipenyo cha sentimita 15 hadi 17, unene wa milimita 5, iliyochomelewa kwenye sahani ya milimita 12. Sahani ishikwe na bolti nne za milimita 16 zinazozamishwa zege likiwa bichi. Zipitishe kwanza kwenye ubao uliotobolewa sawasawa na sahani, la sivyo zitasogea wakati wa kushindilia na sahani haitaingia. Zege limwagiliwe siku 7, na nguvu yake kamili uihesabu baada ya siku 28. Paipu ijaze mchanga mkavu kabisa, unaua mtetemo vizuri. Mchanga wenye maji utaozesha chuma kwa ndani.

Sakafu isiguse nguzo hata kidogo. Acha mwanya wa sentimita 3 pande zote, uzibe kwa sponji tu. Fundi akiachwa peke yake ataunganisha zege la sakafu na nguzo, kwa sababu ndivyo anavyofanya kwenye kila nguzo ya nyumba, na kuanzia hapo kila hatua yako itaonekana kwenye picha. Siku ya kumwaga sakafu uwepo.

Jambo jingine: usishawishike kuweka juu ya nguzo sahani mbili zilizotenganishwa na bolti ndefu ili upate kusawazisha kwa pima maji. Zile bolti hucheza kama springi. Maunti ya ikweta haidai nguzo iliyonyooka kabisa, inachodai ni mhimili uelekee kwenye ncha ya anga, ile nukta ambayo nyota zinaonekana kuizunguka.

Salibu_Kusini

Kwenye paa: kuba hukinga upepo na taa vizuri zaidi, lakini kuikunja duara isiyovuja ni kazi ya watu wachache. Paa la kusukuma linatumia vifaa vilevile vya geti la kusukuma, na kila fundi wa kuchomelea anavijua. Mimi ningechagua paa.

Lisukume kuelekea kaskazini, usilipeleke upande mwingine. Kwa nyuzi 6 kusini, sayari zote hupita juu sana: hata iliyo nyuzi 23 kaskazini mwa ikweta ya anga (mstari wa anga ulio juu ya ikweta ya dunia) hufika nyuzi 61 juu ya upeo. Kwa hiyo mashariki na magharibi ziwe wazi. Kusini ndiko kuna hazina ya chini: galaksi jirani iitwayo Wingu Kubwa la Magellan hufika nyuzi 26 tu, mwenzake Wingu Dogo 23, nebula (wingu la gesi) ya Carina 36. Kaskazini, ukipoteza nyuzi 20 za chini unakosa vitu kama galaksi ya M81, ambayo hata hivyo haipandi zaidi ya nyuzi 15 kwako. Galaksi ya Andromeda iko nyuzi 43, utaiona bila shida.

Chumba cha mita 2.5 kwa 2.5 kinatosha, na reli ziendelee mita 2.7 nje ya ukuta wa kaskazini juu ya nguzo mbili. Eneo lako linameza yote hayo. Ukuta uwe mita 1.8. Katikati ya darubini ikiwa mita 1.5 kutoka sakafuni, ukuta ulio mita 1.25 kutoka kwake unaziba nyuzi 13 hadi 14 tu za chini, na taa ya jirani inaishia hapo. Ukuta wa kusini ujenge mita 1.2, kipande cha juu kiwe na bawaba kikunjikie nje.

Reli ni chuma cha engo cha milimita 40 kilichopinduliwa, na magurudumu ya mfereji wa V, matatu kila upande. Lakini mfereji wa V uuweke upande mmoja tu. Upande wa pili tumia magurudumu bapa juu ya chuma bapa. Ukiweka V pande zote mbili, reli zikitofautiana milimita chache, na jua la mchana hutosha kufanya hivyo, paa linakwama katikati mvua ikiwa imeshaanza.

Makomeo usiyasahau. Mabati ya mita 3 kwa 3 yakipigwa na kusi kwa chini hunyanyuka. Kila kona weka ndoano inayopita chini ya reli, na komeo la kukaza. Kuta ni tofali za saruji, mchwa hawana cha kula.

MotaNaBetri

Tofali sikubaliani nazo, mkuu Salibu. Dodoma jua linapiga kutwa nzima, tofali zinashika joto hilo na kulitoa mpaka usiku wa manane, na hewa inayopanda kutoka ukutani inachemsha picha ya sayari. Jenga tofali hadi sentimita 60 kwa ajili ya mchwa na maji ya mvua, kisha juu tumia skwea paipu na mabati yaliyopakwa rangi nyeupe. Bati hupoa haraka jua likizama. Fungua paa saa moja kabla ya kuanza kazi, na feni ndogo ya volti 12 nyuma ya kioo iwashwe wakati huohuo.

Umeme: usivute volti 12 kutoka nyumbani. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 kwenye umbali wa mita 25, ukipitisha ampea 5, unapoteza karibu volti 1.75. Maunti itapata volti 10 na kidogo, mota zitaanza kuruka hatua, na utahangaika ukidhani gia ni mbovu. Betri ikae kibandani. Maunti, kamera na mkanda wa kuzuia umande vikila ampea 5 kwa saa 8 ni ampea-saa 40, na betri ya asidi usiivushe nusu, kwa hiyo chukua ya 100. Paneli ndogo ya sola ya kuichaji inakuondolea hata kuchimba mtaro wa waya. Mvua za radi zikianza, chomoa nyaya zote zinazoingia kibandani, ikiwemo ya intaneti.

Kilimia_Dom

Asanteni sana, nguzo na paa nimevielewa. Bado nyuzi 15. Na hata nikishusha mhimili, Nyota ya Kaskazini iko chini ya upeo huku, na ncha ya kusini iko nyuzi 6 tu, kwenye vumbi na miti. Naielekezaje?

Mhimili

Kwanza kabari, yaani sahani iliyoinama inayokaa kati ya nguzo na maunti. Maunti iweke kwenye nyuzi 16, halafu kitako chake kiinamie kusini kwa nyuzi 10. Sahani ya sentimita 25 inatakiwa upande wa kaskazini uwe juu kwa sentimita 4.4. Ichomelewe kwa chuma cha milimita 10 chenye mbavu mbili ubavuni. Sehemu ya kuzungusha mashariki–magharibi iweke chini ya kabari, ikae mlalo. Ukiiweka juu ya kabari, kila ukizungusha mhimili unapanda au kushuka kidogo.

Huku karibu na ikweta ya dunia kuna kero nyingine ambayo vijitabu vya Ulaya haviitaji: mhimili ukilala hivi, fimbo ya vyuma vya kusawazisha inaning'inia upande wa kusini na kugonga nguzo. Ndiyo maana paipu nyembamba ya FundiNguzo inafaa kuliko nguzo ya zege ya sentimita 30. Kabari nayo itokeze kusini sentimita 8 hadi 10 kupita ukingo wa nguzo. Izungushe fimbo kwa mkono duara zima kabla hujakaza chochote.

Kuelekeza: Sigma Octantis, nyota iliyo karibu na ncha ya kusini, ni hafifu sana (mwangaza wa daraja la 5.5), kwa nyuzi 6 za upeo wenye vumbi iache. Programu zinazotaka kupiga picha karibu na ncha nazo hazitakusaidia. Ukitumia kompyuta, NINA, programu ya kuendesha darubini na kamera, ina nyongeza ya kuelekeza mhimili kwa nukta tatu inayofanya kazi sehemu yoyote ya anga. Bila kompyuta, tazama nyota inavyohama.

Tumia lenzi ya jicho yenye msalaba, mota ikiwa imewashwa. Chagua nyota iliyo karibu na ikweta ya anga na inayovuka meridiani (mstari wa kaskazini–kusini unaopita utosini), kwako itakuwa karibu utosini. Ikihamia kaskazini, ncha ya kusini ya mhimili imekwenda mashariki mno, isukume magharibi. Ikihamia kusini, fanya kinyume. Ukimaliza hapo, nenda kwenye nyota iliyo mashariki, nyuzi 20 hadi 30 juu ya upeo. Ikihamia kusini, mhimili uko juu mno. Ikihamia kaskazini, uko chini mno. Nyota ya magharibi hugeuza kanuni hii. Vijitabu vingi vimeandikwa kwa watu wa kaskazini, ukivifuata kama vilivyo utasogeza kila kitu upande usio wake.

Kipimo: kosa la dakika 1 ya nyuzi (sehemu ya 60 ya nyuzi moja) huhamisha nyota sekunde 1.3 za nyuzi ndani ya dakika 5. Kwa sayari usijisumbue kufika huko. Kwa picha ndefu, rudia hatua zote mbili mpaka dakika 5 zipite bila nyota kuacha mstari. Kisha piga alama ya patasi kwenye chuma, kabari na sahani, ili ukifungua siku nyingine urudi palepale.

MotaNaBetri

Swali la masika halijajibiwa. Maunti ibaki, ifunike kwa kitambaa kinachopumua, si nailoni, maana nailoni hufungia unyevu ndani. Bomba la darubini na lenzi zirudi nyumbani kuanzia Desemba, kwenye sanduku lenye silika jeli (chembe zinazonyonya unyevu). Jeli ikibadilika rangi ikaushe kwenye oveni kwa nyuzi joto 120 za Selsiasi, saa mbili au tatu. Walioko Dar, Unguja au Mombasa wasiache kioo kibandani msimu wowote: chumvi ya bahari hula alumini ya kioo, na ukungu huota kwenye lenzi.

Matundu ya hewa yazibe kwa wavu wa mbu, pamoja na mdomo wa kila paipu ya nyaya. Nyigu wa matope hupenda sana tundu la upana wa kidole.

Salibu_Kusini

Bati juu ya tofali za sentimita 60, nakubali, kwa kioo cha milimita 200 joto la ukuta ni tatizo kweli. Ila hizo skwea paipu zifungwe kwenye msingi wa ukuta, mbali na zege la nguzo. Bati likipigwa na upepo linanguruma usiku kucha, na mngurumo huo usipate njia ya kufika kwenye maunti.