Je, Edward III alikuwa na haki yoyote ya kujiita Mfalme wa Ufaransa?

Mzizima:
Waungwana, naomba tulijadili jambo ambalo hutajwa kijuujuu kila tunapofika kwenye Vita vya Miaka Mia. Mwezi Januari 1340, mjini Ghent, Edward III wa Uingereza alijitangaza Mfalme wa Ufaransa, akayaweka maua ya yungiyungi ya Ufaransa pamoja na simba wa Uingereza katika nembo yake. Hoja yake ilikuwa ya nasaba: Charles IV alifariki mwaka 1328 bila mtoto wa kiume, naye Edward alikuwa mpwa wake, mtoto wa dada yake Isabella, ilhali Philip wa Valois aliyepewa taji alikuwa mtoto wa baba mdogo tu. Msimamo wangu ni kwamba madai hayo hayakuwa na mashiko. Mwaka 1329 Edward huyo huyo alikwenda Amiens na kumkiri Philip hadharani kuwa bwana wake kwa ajili ya nchi ya Aquitaine, iliyoko kusini-magharibi mwa Ufaransa. Mtu hamkiri kuwa bwana wake yule aliyemwibia kiti. Tena, kama haki ingeweza kupitia kwa mwanamke, basi Jeanne, binti wa Louis X aliyekuwa kaka mkubwa wa Charles, angetangulia, na mtoto wake Charles wa Navarre, aliyezaliwa 1332, angemzidi Edward kwa kutoka tawi kubwa zaidi la ukoo. Na juu ya yote hayo, Sheria ya Wasali, ile sheria ya kale ya Wafranki, ilikwisha kuufunga mlango: mwanamke hakuhesabika katika mambo ya taji popote Ulaya, na hilo halina ubishi.

Kidagaa:
Ndugu Mzizima, mengi uliyoyaeleza ni sahihi, lakini hiyo Sheria ya Wasali umeiingiza kabla ya wakati wake. Mwaka 1328 haikuwa ndiyo hoja iliyotumika. Kilichotumika ni mfano wa miaka michache iliyotangulia: Louis X alifariki mwaka 1316, mtoto wake wa kiume aliyezaliwa baada ya kifo chake akaishi siku chache tu, ndipo baba mdogo wa mtoto huyo, Philip V, akajitwalia taji mbele ya Jeanne, na mwaka 1317 baraza lililokutana Paris likatamka kwamba mwanamke harithi ufalme wa Ufaransa. Ile sheria ya kale ya Wafranki ilifukuliwa baadaye na waandishi waliotaka kukipamba kitendo kilichokwisha kufanyika, sawa na mtu anayetafuta hati ya kiwanja baada ya kumaliza kujenga.

Binti Mvita:
Nilikuwa nikisoma kwa utulivu mpaka nikafika kwenye sentensi ya mwisho ya Ndugu Mzizima, ile ya "popote Ulaya, na hilo halina ubishi". Niwie radhi, lakini huo ni uvivu wa kusoma. Urraca alirithi León na Castile kutoka kwa baba yake Alfonso VI mwaka 1109, akatawala hadi kifo chake mwaka 1126. Melisende alitawazwa Jerusalem mwaka 1131 pamoja na mumewe Fulk, na alipojaribu huyo mume kumweka kando, wakubwa wa nchi wakasimama upande wa mke. Jadwiga alitawazwa Kraków mwezi Oktoba 1384, na walimtawaza kwa cheo cha mfalme, si cha mke wa mfalme. Labda utueleze hao walikuwa wakihesabika wapi.

Mgeni wa Tabora:
Dada Binti Mvita, Jerusalem haiko Ulaya. Nasema hivyo ili tuwe makini, kwa kuwa na wewe umeanza na masuala ya uvivu wa kusoma. Halafu nashangaa umemruka Matilda, binti wa Henry I wa Uingereza, pengine kwa sababu anamsaidia Mzee Mzizima kuliko anavyokusaidia wewe. Baba yake aliwaapisha maaskofu na makabaila mwaka 1127 kwamba watampokea binti huyo kuwa mrithi. Henry alipofariki tarehe 1 Desemba 1135, Matilda alikuwa ng'ambo ya bahari, na binamu yake Stephen akavuka upesi, akatawazwa Westminster kabla mwezi haujaisha. Viapo vyote vile viliyeyuka ndani ya wiki tatu. Asiyekuwepo na lake halipo.

Binti Mvita:
Kuhusu Jerusalem, ukoo ule kwa upande wa baba ulitoka Ufaransa, na Fulk niliyemtaja alikuwa Kabaila wa Anjou na baba mkwe wa huyo huyo Matilda unayemtaja wewe. Kwa hiyo ukiitoa Jerusalem kwa sababu ya ramani, utakuwa umeipasua familia moja katikati.

Sasa tumzungumze Matilda, kwa kuwa umemtaka. Mwezi Februari 1141 watu wake walimkamata Stephen vitani Lincoln, wakamtia kifungoni. Matilda aliingia London mwezi Juni akiwa na cheo cha Bibi wa Waingereza, akingojea kupakwa mafuta. Alichokosea ni kuwadai wenyeji wa mji fedha nyingi na kukataa kuwasikiliza walipoomba wapunguziwe. Siku chache kabla ya kutawazwa kengele za mji zikalia, watu wakatoka majumbani na silaha zao kama nyuki, naye aliyekuwa akijiandaa kula akapanda farasi na kukimbia, chakula kikabaki mezani. Mwishoni mwa mwaka uliofuata alizingirwa Oxford, akatoroka usiku wa theluji akiwa amevaa nguo nyeupe ili asionekane, akavuka mto kwa miguu juu ya barafu. Naomba uniambie ni nani aliyemfukuza London: sheria inayomkataza mwanamke, au wafanyabiashara waliodaiwa kodi?

Tena mnasahau mwisho wake. Mwaka 1153 Stephen alikubali kwamba atakayemrithi ni Henry, mtoto wa Matilda, na kijana huyo akatawazwa mwezi Desemba 1154. Henry II aliipata wapi haki hiyo, kama si kwa mama yake?

Mgeni wa Tabora:
Aliipata kwa upanga na kwa uchovu wa makabaila waliokuwa wamepigana miaka karibu ishirini, pia kwa kuwa mtoto mkubwa wa Stephen, Eustace, alifariki mwaka huo huo wa 1153. Mwenye nguvu mpishe. Nasaba ililetwa baadaye kupaka rangi.

Kidagaa:
Nadhani nyote wawili mmekaribia jambo lenye uzito bila kulitamka. Stephen mwenyewe alidai kiti kwa upande wa mama: mama yake ni Adela, binti wa William aliyeiteka Uingereza mwaka 1066. Basi pale Uingereza walipigana watu wawili, na hakuna kati ya pande hizo aliyeweza kusema kwamba damu ya mama haina kazi. Edward III alikulia katika desturi hiyo, kwa hiyo alipoihesabu nasaba ya Isabella hakuwa akibuni jambo geni kwake. Ugeni ulikuwa Paris.

Hata hivyo, sidhani kwamba damu ndiyo iliyompeleka Ghent. Philip alitangaza kumnyang'anya Aquitaine mwaka 1337, na Waflandria, watu wa nchi ulipo mji wa Ghent, wakiongozwa na Jacob van Artevelde, walihitaji sufu ya Uingereza kwa viwanda vyao vya nguo lakini walikuwa wamefungwa na kiapo kwa mfalme wa Ufaransa. Edward alipojiita mfalme wa Ufaransa aliwapa njia ya kuasi bila kuvunja kiapo. Mwaka 1360, katika mkataba wa Brétigny, alikubali kukiachia cheo hicho ili apewe Aquitaine bila kuwa chini ya mtu. Mambo yalipoharibika mwaka 1369 akakiokota tena. Cheo kinachoweza kuwekwa mezani kikapimwa kwa eneo la ardhi ni silaha ya mazungumzo. Cha kuchekesha ni kwamba silaha hiyo iliwazidi umri wenye nayo: Calais, mji wa Ufaransa uliokuwa mikononi mwa Waingereza, ilipotea mwaka 1558, lakini wafalme wa Uingereza waliendelea kujiita wa Ufaransa mpaka George III alipokiacha cheo hicho mwaka 1801.

Mzizima:
Ndugu Kidagaa nitakujibu, lakini kwanza nimmalize huyu aliyeniita mvivu. Jadwiga unayejivunia, Binti Mvita, alikuwa mtoto wa miaka kama kumi. Baba yake, Louis wa Hungary, aliwanunulia mabinti zake haki hiyo mwaka 1374 kwa kuwapunguzia wakubwa wa Poland kodi ya ardhi hadi groshi mbili, sarafu ya huko. Mwaka 1386 aliletwa Jagiełło wa Lithuania, akabatizwa, akamwoa Jadwiga, naye akatawazwa. Jadwiga akafariki mwaka 1399, na mumewe akaendelea kuwa mfalme mpaka mwaka 1434. Kama cheo kilikuwa cha mwanamke, mbona hakikuondoka na mwanamke? Alikuwa mlango tu, na waliopita mlangoni ni wanaume.

Binti Mvita:
Mzee wangu, kodi hiyo ya groshi mbili inaonyesha kwamba wakubwa wa Poland waliketi, wakapatana bei na wakakubali mwanamke awarithi. Hayo si maelezo ya watu ambao kwao mwanamke hakuhesabika. Na huyo Jagiełło, baada ya mkewe kufariki bila kuacha mtoto, alijua vizuri sana kwamba anakalia kiti cha ukoo wa mtu mwingine. Ndiyo maana mwaka 1402 alimwoa Anna wa Cilli. Anna hakuleta jeshi wala nchi. Alikuwa mjukuu wa Kazimierz III, mfalme wa mwisho wa ukoo wa Piast katika kiti hicho, na ujukuu wenyewe ulipitia kwa mama yake.