Nimelipa elfu 15 kufundishwa kwamba Khalid bin Walid alikuwa mlinzi wa kilima Uhud!!

Wakuu salaam. Asiniambie mtu nipunguze hasira kabla hajamaliza kusoma.

Mwezi uliopita nimeona tangazo la darasa la WhatsApp, eti "siri za kivita za Waislamu wa mwanzo", elfu 15, nikatuma hela fasta maana mi haya mambo nayapenda toka niko madrasa. Somo la kwanza vita vya Uhud, Waislamu wa Madina na Makuraishi wa Makka. Ustadhi (kama kweli ni ustadhi) anatuma voisi ndeeefu anasema Khalid r.a. ndo alipewa kulinda kilima cha wapiga mishale. Khalid!! Jamani mwaka wa 3 Hijria Khalid alikuwa bado na Makuraishi, ndo yeye na wapanda farasi wake waliozunguka kwa nyuma baada ya wapiga mishale wengi kushuka kukimbilia ngawira, na kiongozi wa wale 50 alikuwa Abdullah bin Jubair, alibaki pale juu na wachache mpaka wakauawa. Khalid kasilimu mwaka wa 8. Yani aliyewazunguka ndo kageuzwa mlinzi.

Nikasema poa, kuteleza kupo. Somo la pili vita vya Khandaq, yani vita vya handaki, Makuraishi na wenzao walipokuja kuivamia Madina, katuma ramani, handaki limeizunguka Madina yote kama bangili. Hapo nilichoka. Watu kama 3,000 wangechimba duara lote hilo saa ngapi, na jeshi la 10,000 liko njiani? Utamu wote wa ile mbinu ya sahaba Salman Farsi, aliyetoa wazo la handaki, si ndo upo hapo, mashariki na magharibi kuna mawe ya volkano farasi hapiti, kusini mitende na nyumba zimebanana, kwa hiyo wakachimba kaskazini tu kulikokuwa wazi. Na Nuaim bin Masud aliyewachonganisha maadui, yani makabila ya Makuraishi, Ghatafan na Bani Quraidha, mpaka wakawa hawaaminiani, hakutajwa hata kwa bahati mbaya. Tukaambiwa "mjasiriamali, zungushia biashara yako handaki". Ebo!

Nikauliza kwa adabu kabisa, ustadhi samahani, huko kusini walichimba sehemu gani? Akaweka imoji ya kucheka, haikupita dakika mbili nimetolewa kwenye grupu. Namfuata inboksi anirudishie hela yangu, tiki moja mpaka leo.

Jana mshkaji kanirushia tangazo lake jipya, vita vya Yarmuk, elfu 20. Picha aliyoweka ni ileile ramani ya bangili.