Je, Serikali iwaruhusu wanunuzi wa korosho wafike hadi shambani?

Mwana-Tandahimba

Ndugu zangu, msimu unakaribia na mjadala wetu wa kila mwaka umerudi kijijini. Wapo wanaotaka mfumo wa stakabadhi ghalani (mkulima kupeleka korosho ghalani, kupewa stakabadhi ya mzigo wake na kusubiri uuzwe mnadani) ufutwe, ili mnunuzi yeyote mwenye fedha aje shambani, apatane bei na mkulima, alipe taslimu na kuondoka na mzigo wake. Wengine wanasema huko ni kumkabidhi mkulima kwa walanguzi. Baba yangu hupeleka korosho zake chama cha msingi cha ushirika, na malipo yanapochelewa, ada za watoto hazichelewi. Kwa wenye uzoefu, Serikali ilishike soko hili kwa kiasi gani, na iishie wapi?

Karani Mstaafu

Mwanangu, kabla mfumo huu haujaanza Mtwara katika msimu wa 2007/08, wanunuzi walikuwa wakifika mpaka mlangoni, na hali ya mkulima tuliiona. Mfanyabiashara wa kangomba, yaani mnunuzi wa nje ya mfumo, huja wakati chakula kimepungua na mikorosho haijatoa hata maua. Humkopesha mama wa watu mahindi kidogo, kisha mavuno yakifika hurudi na chombo chake cha kupimia, wala si mizani, akachukua gunia zima kwa deni lile. Hapo hapana ushindani wowote, kwa kuwa mnunuzi ni mmoja na muuzaji ana njaa. Ghalani mzigo hupimwa na kupangwa daraja, wanunuzi huweka zabuni bila kuoneana bei, na wakulima husomewa bei hizo wakiwa na haki ya kuzikataa. Kwa maoni yangu, kanuni hizo ndizo zilizowaleta wanunuzi wengi mahali pamoja, na kuziondoa ni kuliua soko lenyewe.

Msomaji wa Uchumi

Nakubaliana na mzee kuhusu mizani na mnada, lakini tusisahau mwaka 2018. Msimu uliotangulia kilo ilifika hadi shilingi 4,000 hivi; bei ya dunia iliposhuka, wakulima wa Newala na Tandahimba walizikataa zabuni za Oktoba, na walikuwa na haki hiyo. Mwezi uliofuata Rais John Magufuli alitangaza kwamba Serikali ingenunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Wakulima wengi walishangilia, na nia ya kuwalinda siitilii shaka. Hata hivyo, siku ile Serikali iliacha kuwa msimamizi wa mnada ikawa mnunuzi pekee, ikabeba mzigo wa kutafuta soko la nje, kutunza maghala na kuhakiki mashamba ya watu mmoja mmoja, huku wengi wakisubiri fedha zao kwa miezi. Korosho ghafi zetu huenda zaidi India na Vietnam, na viwanda vya huko havilazimiki kuifuata bei iliyotangazwa Dar es Salaam.

Mwaka huohuo sheria ilibadilishwa, na asilimia 65 ya ushuru wa kuuza korosho nje, iliyokuwa ikirudi kuendeleza zao, ikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Hazina. Fedha za aina hiyo ndizo zinazosaidia kupata dawa ya salfa ya kupambana na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na kazi hiyo hakuna mfanyabiashara atakayeifanya kwa hiari yake. Serikali ilijiingiza pasipoihitaji, ikajitoa palipoihitaji.

Mama wa Masasi

Mzee Karani, shikamoo. Uliyosema kuhusu kangomba ni kweli, ila mkulima haendi huko kwa kutojua bei. Huenda kwa sababu mgonjwa yuko kitandani leo na fedha za mnada hazijaingia. Kuwakamata wanunuzi hao bila kuharakisha malipo hakutamaliza biashara yao. Sheria ya stakabadhi ghalani ya mwaka 2005 iliruhusu stakabadhi itumike kama dhamana ya mkopo benki, lakini mkulima mdogo akienda nayo kaunta ni nani anayempokea? Hapo ndipo ningependa mkono wa Serikali uonekane, pamoja na kwenye makato: kila shilingi inayokatwa na chama, ghala na halmashauri iandikwe na kubandikwa ofisini kabla ya mnada wa kwanza. Mwanangu wa Tandahimba, mwambie baba aidai karatasi hiyo kwenye mkutano mkuu wa chama, tena mbele ya afisa ushirika.